Mtu wa Sita Kwenye Kadi

"Damu yangu haitarudishwa kwenye dirisha la hospitali hata siku moja!" Ashiru aliwatangazia watu wa Makote kwenye mkutano wa kijiji. "Mimi ndiye ninayewaandikisha bima ya jamii. Mtu wa kwangu akikosa matibabu, njooni mninyoe nywele kwa kipande cha chupa!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Ashiru ana kidato cha nne, simu ya kuandikishia watu, na mdomo kama redio iliyong'oka kitufe cha kuzimia.

Wiki tatu baadaye redio hiyo ilikuwa imesimama mbele ya dirisha la bima la hospitali moja huko Masasi, jina lake tuliache. Pembeni yake alikuwepo dada yake, Oliva, na mtoto wa Oliva, Queen, wa darasa la sita. Queen alikuwa ameanguka miezi kadhaa nyuma akitoka kisimani, mkono wa kulia ukavunjika, fundi wa mifupa wa kijijini akaufunga vijiti, ukaunga umepinda kama mpini wa jembe uliomshinda seremala. Kalamu haishikiki. Daktari bingwa wa mifupa alikuwa amekuja Masasi kwa siku mbili tu, na hii ndiyo ya pili. Orodha yake ya upasuaji ingefungwa saa sita mchana. Mwenye kadi angeingia. Asiye na kadi, laki tano kwanza, na Oliva hakuwa na hata nauli ya kupandia mlima kurudi Makote.

Lakini Oliva hakuwa na wasiwasi. Kwa Wamakonde mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa baba. Mwanzoni mwa mwaka alimpelekea kaka yake debe zima la mbaazi, mchango wa Queen kwenye kadi ya familia, kadi inayobeba watu sita. Kaka akasema tayari. Kaka akisema tayari, nani aulize tena?

"Shikamoo," Queen alimwamkia karani.

"Marahaba, mama." Karani, aliyeitwa Isabela, akabonyeza kompyuta. Akabonyeza tena. "Queen hayumo."

"Hayumo wapi?" Oliva akasogea.

"Kwenye kadi, dada. Ninao sita kamili: Ashiru, mke wake, watoto wao watatu, na Bernard. Ameandikwa ni baba mdogo."

"Bernard gani? Sisi baba mdogo tulikuwa naye mmoja, tumemzika!"

Ashiru peke yake alimjua. Bernard alikuwa tajiri wa hapo hapo Masasi, mwenye maghala mawili na lori, na ugonjwa wa sukari unaokula dawa kila mwezi. Bima ya watu wa hali yake aliiona ghali, ndipo akagundua kwamba ya wakulima ni rahisi. Akamletea Ashiru tairi mbili mpya za pikipiki, na Ashiru akamzaa upya kuwa baba mdogo. Queen? Queen alikuwa mzima kama kinu. Angeingizwa msimu ujao, Ashiru alijiambia, na mbaazi akazila.

Sasa afanye nini? Akafanya kazi anayoiweza. Akapaza sauti.

"Huu ni wizi!" Akapiga kibao kwenye ubao wa dirisha. "Kila msimu pesa zetu za korosho zinakatwa, tunaambiwa ni za zahanati. Matofali tumesomba kwa vichwa vyetu, zahanati mpaka leo popo ndio wagonjwa wa ndani! Tukija hapa, dawa hakuna, kanunue duka la ng'ambo ya barabara. Leo hata majina yetu yameisha?"

Ubaya wake ni kwamba hakuna neno hapo lililokuwa la uongo. Foleni nzima ikawaka.

"Mimi nimetoka Nanganga alfajiri," alifoka mzee mmoja, Nikolao, akipunga karatasi, "nimeandikiwa panadol nikanunue! Panadol! Ningetaka kununua panadol si ningebaki kwangu?"

"Kadi ipo, dawa haipo! Tunalipia kadi tuipepee?"

"Wenye magari wanapita mlango wa nyuma!"

"Matajiri wanatibiwa kwa jasho letu!" Ashiru akadakia, na papo hapo ulimi ukamwasha kama aliyelamba ganda la korosho mbichi. Lakini angenyamaza vipi? Watu walikuwa wanamshangilia. "Mtandao wao umemtupa mtoto! Mimi nilimwandika kwa vidole hivi!"

"Kaka, usinipigie kelele," Isabela akasimama, naye macho yamemwiva. "Dawa sizipiki mimi. Zikiletwa nagawa, zisipoletwa natukanwa, na jioni narudi nyumbani na maumivu ya kichwa, na mimi panadol nanunua!"

Oliva hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anaangalia saa ya ukutani. Saa tano na dakika ishirini.

Ghasia zikamtoa ofisini Daktari Cecil, mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, mtu mfupi mwenye sauti ya kwenye mimbari. Akasikiliza upande huu na upande ule, akautazama mkono wa Queen kwa muda, akashusha pumzi.

"Kama ni kosa la mtandao, mtoto asiadhibiwe. Ninayo fomu. Mwandikishaji aeleze, asaini. Na awepo shahidi aliyeona siku ya kuandikishwa. Nikiipata, mtoto anaingia sasa hivi. Yupo shahidi?"

Ashiru akageuka kwa watu aliokuwa amewawasha mwenyewe, shahidi angekosekanaje?

"Nipo mimi."

Alikuwa bibi mmoja wa Makote, Bi Yuster, aliyekuja kwa ajili ya macho yake, ameketi kwenye benchi muda wote. Akainuka kwa fimbo.

"Shikamoo, bibi!" Ashiru karibu ampige busu, mtu wa kijijini kwake angemwangusha? "Mwambie daktari!"

"Marahaba. Ninamwambia. Siku ile picha zilipigwa uani kwangu, kwa sababu ukuta wangu una kivuli. Kila anayepigwa picha, mimi nilimshikia shuka jeupe nyuma yake." Akamgeukia Cecil. "Huyu mtoto sikumshikia. Nilimshikia bwana mmoja mnene aliyekuja na gari. Ashiru akaniambia, bibi, inua shuka juu, kipara kinang'aa. Mtandao wenu haujakosea, daktari. Umeandika ulichoambiwa."

Nikolao akashusha karatasi yake polepole.

"Kaka," Oliva alisema. Basi. Ashiru aliona heri apigwe kofi.

Cecil akafunika kalamu. "Basi kosa la mtandao sina. Siwezi kusaini uongo."

"Uongo nani kakwambia usaini?" Bi Yuster akagonga fimbo sakafuni. "Andika hivi: mtoto alilipiwa kwa debe la mbaazi, nililiona likipita kichwani kwa mama yake. Nafasi yake ikauzwa. Mwizi yupo, mtoto hana kosa. Hiyo nitaipigia dole gumba langu."

Daktari akafikiri. Akaitazama saa. Saa sita kasoro kumi.

"Hiyo naweza kuipeleka," alisema. "Bwana Bernard tutamfuta leo hii, mtoto aingie nafasi yake. Ila lazima mwandikishaji akiri kwa mkono wake. Na kijana, ujue, nakala inakwenda wilayani, na nyingine polisi."

Isabela akapitisha fomu chini ya kioo. Bi Yuster alikuwa ameshachovya dole gumba kwenye wino wa buluu, amelishika juu, anasubiri. Queen alikuwa anamwangalia mjomba wake. Ashiru akaichukua kalamu, akaandika herufi ya kwanza ya jina lake na nukta, kama watu wakubwa wanavyosaini.

"Jina lote, mwanangu," alisema Bi Yuster. "Na cheo chako."