Bwana Mkaguzi Avua Gamba

"Kamba huyu angejua kusema, angeniita mjomba," Profesa alilitangazia darasa, mguu mmoja juu ya kiti. "Mimi namshika kama nyinyi mnavyoshika kalamu. Tena nyinyi hata kalamu zinawaponyoka."

Hakuna aliyembishia. Profesa alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu A, na jina lile hakupewa na mtu. Alijipa mwenyewe, akalirudia mpaka wenzake wakachoka kulikataa. Kamba aliyemsema aliishi nyuma ya darasa katika tangi la kioo. Alikuwa kamba wa mtoni, mwenye magando mawili mbele kama koleo za fundi bomba, na macho yaliyosimama juu ya vijiti, yakichungulia huku na huku. Kwa kuwa alikagua kila kitu, kisha akisogelewa anaondoka kinyumenyume bila kusema alichokiona, darasa lilimwita Bwana Mkaguzi.

Mwalimu wa biolojia ndiye aliyemleta, ili wanafunzi wajifunze viungo kwa mnyama aliye hai badala ya ule mchoro wa kitabuni unaofanana na kiatu kilichokanyagwa na lori. Profesa akapewa kazi ya kumtunza. Maji ya bomba yalale kwenye ndoo wazi mpaka kesho yake, dawa ipungue. Pampu ya hewa isizimwe. Karoti ichemshwe, na mabaki yatolewe kabla hayajaoza. Yote hayo aliyafanya vizuri, tusimnyime haki yake. Kasoro yake ilikuwa moja tu, yenye ukubwa wa magando mawili.

Alikuwa hajawahi kumgusa.

Siku ya kwanza alipeleka kidole, Bwana Mkaguzi akainua gando moja polepole, kama mtu anayeomba nafasi ya kuzungumza. Kidole kilirudi mfukoni, na tangu hapo hakikutaka mazungumzo. Lakini maji lazima yabadilishwe, na kamba lazima ahamishiwe kwenye ndoo kwanza. Basi kila Jumatatu Profesa alitoka nyumbani na upawa wa mama yake ndani ya begi, akauficha kwenye rafu chini ya tangi. Wakati wa mapumziko alifukuza watu wote na kufunga mlango.

"Anahitaji utulivu," alisema. "Akishtuka, moyo unasimama."

"Wa kamba au wako?" aliuliza Kisigino, jirani yake wa dawati.

"Nenda kanywe maji."

Kila Ijumaa upawa ulirudi nyumbani, kwa sababu Jumamosi mama yake hupika sufuria kubwa la maharage. Na huko nyumbani, upawa ule ulikuwa umeshawasha moto usio na jiko.

"Upawa gani huu," mama alilalamika, "unaishi kama mfanyakazi wa mbali? Jumatatu unaondoka, Ijumaa unarudi!"

Macho yake yalimwendea wifi yake, shangazi wa Profesa, aliyeishi nao na kuuza uji kwa mafundi wa ujenzi, Jumatatu hadi Ijumaa. Hesabu ilijileta yenyewe.

"Wifi, mimi nina upawa wangu," Shangazi alisema. "Huo wako niuchukue wa nini? Mpini wenyewe ulikatika, nikaufunga mimi kwa waya mwekundu."

"Ndiyo maana unauona wako."

Profesa alikuwa mezani siku hiyo, akitafuna kwa adabu isiyo ya kawaida. "Shangazi," alisema kwa upole, "kusahau ni kibinadamu." Shangazi hakuwa na ushahidi, na mtuhumiwa hana pa kujitetea kwenye meza aliyowekewa chakula na mshitaki.

Sasa, siku ya wazazi ilikuwa Jumamosi. Mwalimu alitangaza sharti mapema: Profesa atamshika kamba mbele ya wageni na kueleza viungo vyake, kwa mikono mitupu. Akiweza, tangi litabaki A mpaka mwisho wa mwaka. Akishindwa, litavuka korido kwenda kidato cha tatu B, watu ambao tayari walikuwa wamefagia kona ya kuliweka na kuiwekea pazia.

"Mwalimu, hilo kwangu ni kama kunywa maji," alisema Profesa. Mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni.

Alhamisi alifungua mlango akamkuta Bwana Mkaguzi amelala ubavu sakafuni mwa tangi, mweupe kidogo, hatikisiki. Profesa alishika kichwa. Amemwua na nini, karoti? Akachukua upawa, akamchota, akamwinamia. Magando yapo, vipapasio virefu vipo, macho yapo, miguu yote ipo. Alimchokoza kwa penseli. Penseli ikaingia mgongoni.

Ndani hamkuwa na kitu.

Ndipo alipoviona vipapasio vingine viwili vikitikisika kwenye mdomo wa kile kipande cha bomba ambacho kamba alikifanya chumba cha kulala. Bwana Mkaguzi alikuwa amevua gamba lake zima, toka ncha ya gando hadi pepeo la mkia, akaenda kujificha kama mtu aliyefua nguo zote na kubaki na taulo.

Mtu mwingine angemwita mwalimu. Profesa alilishika lile gamba kwa vidole viwili, kisha vitatu, kisha kiganja kizima. Halikumfinya. Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu sharti litangazwe, akalitia kwenye kopo la maji na kulifunika vizuri. Ijumaa hakurudisha upawa. Katika furaha yake aliusahau kabisa.

Jumamosi darasa lilijaa. Mama yake hakuja. Alibaki nyumbani akipakua maharage kwa kikombe, baada ya asubuhi ya maneno mazito na wifi yake. Aliyekuja ni Shangazi, akakaa mstari wa mbele, amefura kama unga uliotiwa hamira.

Profesa aliligeuzia tangi mgongo, akainua mkono. Mkononi, maji yakimdondoka, alikuwepo kamba.

Watu waliguna. Mtoto mmoja alilia.

"Msiogope, ananijua," alisema Profesa, kidole gumba kikiziba ufa wa mgongoni. "Hapa kichwa na kifua vimeungana chini ya gamba moja, kama dereva na utingo wake kwenye kabini moja. Hivi vipapasio virefu ni vya kugusia na kunusia njia. Magando ni ya kukamata chakula na kugombana. Miguu hii minane ni ya kutembelea. Na chini ya mkia, hivi vijiguu laini ni vya kuogelea."

"Mbona hapigi mkia?" Kisigino aliuliza.

"Kwa heshima ya wageni."

Makofi yalilipuka. Mkuu wa shule, mtu mnene mwenye furaha nyepesi, akasimama. "Jasiri huyu! Nami nimsalimie Bwana Mkaguzi." Akalishika gando, akalitikisa kama anapeana mkono na diwani.

Gando likabaki mkononi mwake.

Mkuu wa shule aligeuka rangi. "Nimemvunja?" alinong'ona. "Mwalimu, nimemvunja mnyama wa watu!"

Na hapa ndipo Profesa alipoonyesha kwa nini jina lile lilimkaa. "Usijali, mkuu," alisema bila kupepesa. "Gando la kamba likikatika huota jingine. Hata haoni uchungu, mtazame alivyotulia."

Mkuu wa shule alifuta jasho. Kisigino alifungua mdomo kwa kuvutiwa. Kesi ingekuwa imekwisha, kama si sauti moja kutoka mstari wa mbele.

"Samahani," alisema Shangazi. "Na yule anayechungulia kwenye bomba ni nani? Mke wake?"

Vichwa vyote viligeukia tangi. Bwana Mkaguzi, mpya na laini, alikuwa ametoka nusu mwili kuja kukagua makelele.

Mwalimu alilichukua lile gamba, akalipima kiganjani, akachungulia ufa. Mdomo wake ulitikisika, lakini hakucheka.

"Profesa. Huyu akivua gamba huwa laini, hashikwi. Ungeniambia, ningeahirisha, na hakuna ambaye angekulaumu. Badala yake umemwibia chakula chake. Gamba la zamani hulila, ndilo linaloligumisha jipya."

"Nilikuwa namtunzia, mwalimu."

"Kwenye kopo?" Akamrudishia gamba. "Haya. Nitakupa nafasi nyingine, gamba lake likishakuwa gumu. Mimi naamini kweli huwa unamshika, hukutaka tu kumwumiza. Sasa mrudishie chakula. Taratibu, mkono ndani ya maji."

Ilikuwa njia nyeupe, imefagiwa. Kilichobaki ni kuzamisha mkono. Profesa alisogea. Bwana Mkaguzi naye akasogea, akainua gando laini, polepole.

Mazoea yana taabu. Macho ya Profesa yalibaki kwenye lile gando, na mkono wake, bila kumwuliza mwenyewe, ukashuka kwenye rafu na kurudi juu umeshika upawa. Aliliweka gamba ndani yake, akaliteremsha majini kwa ustadi wa mtu aliyefanya hivyo mara nyingi, tena mara nyingi mno.

Kule dirishani, watu wa B waliokuwa wakichungulia walianza kupeana mikono.

"Ahaa," alisema mwalimu polepole. "Kumbe ndivyo unavyomshika."

Lakini Profesa hakumsikia. Shangazi alikuwa amesimama, anautazama mpini, pale penye waya mwekundu. Alifungua mkoba bila haraka na kutoa simu.

"Wifi," alisema, macho yakiwa kwa mtoto wa kaka yake. "Kaa kitako kwanza. Mwizi wako nimempata, na upawa ninauona, uko majini na mnyama. Hapana, nisikilize. Yale maharage ya Jumamosi iliyopita... uliyapakua kwa kutumia nini?"