Ruhusa ya Dohani

Kwenye vilima vya juu ya mji wa Mweso baridi haina adabu. Inaingia bila hodi, na nyumba ya Verdiane ilikuwa ya mbao na turubai tu, kwa kuwa ndivyo ilivyotakiwa iwe. Ardhi ni ya tajiri mmoja mwenye ng'ombe, anayeishi mbali. Aliwaacha wakulima walime maharagwe na walale hapo kwa sharti moja: wasijenge kwa matofali. Mtu akishapata ukuta wa kudumu, kesho atasema na ardhi ni yake.

Verdiane alilivumilia sharti hilo miaka yote. Sasa alikuwa na Tuyizere, aliyezaliwa kabla ya siku zake, mdogo hata kitenge kinammeza. Hospitali ilimruhusu na maagizo mawili: mtoto asipigwe na baridi, na asivute moshi. Maagizo mazuri sana, ukiwa daktari. Moto usipowashwa, midomo ya mtoto inageuka rangi. Ukiwashwa, anakohoa mpaka mama yake anatamani kukohoa badala yake.

Mumewe, Jean de Dieu, akaokota matofali ya kanisa lililobomoka, akajenga jiko na dohani iliyotoboa paa. Tuyizere akalala bila kukohoa. Verdiane alilia kwa furaha, halafu hofu ikamshika, maana dohani ile ilionekana bonde zima.

Basi akafanya alichodhani ni akili. Alishuka kwa Edmond, afisa wa serikali anayeshughulika na ujenzi, akaomba ruhusa. Nikiwa na muhuri, aliwaza, nani atanigusa? Edmond alifurahi mno, kwani watu wa vilimani hawamwendei kamwe. Akapanda mlima, akapima, akasifu, akapiga muhuri.

"Sasa uko mu sheria, Mama. Moto ya ndani bila shemine, bila dohani kama hii, iko interdit, ni marufuku. Ukiibomoa, nitakuya kuzima moto yenyewe."

Kesho yake akaja Kanyamibwa, kapita wa yule tajiri, msimamizi wa ardhi yake. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililouma. Alikuwa akisali nao kanisa moja. Aliisoma ruhusa polepole.

"Mama Tuyizere, ungejenga kimya, ningefunga macho. Lakini hii karatasi inasema uko na nyumba yako hapa. Patron akiiona, atasema nimekupatia udongo yake. Bomoa shemine, ao muhame."

"Nikibomoa, Papa Edmond anazima moto."

"Najua."

"Nikiiacha, unatufukuza."

"Njo vile."

"Na mutoto, Papa?"

Kanyamibwa alikuna shingo. Kule chini, alisema, kwenye chumba cha tajiri cha kutengenezea jibini, maziwa yanapashwa moto kutwa na kuta ni za matofali. Walihitaji mwanamke wa kuosha masufuria, alale hukohuko.

"Kuya na mutoto. Lakini mutu wa kule hana shamba. Hii nyumba itoke leo."

"Na bwana yangu?"

"Kule kunalala bamama tu."

Jean de Dieu alisema atakwenda kwa kaka yake, kule mbali Pinga, na akasema kana kwamba Pinga iko nyuma ya mgomba. Verdiane aliyatazama maharagwe, yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa maua. Alimchukia Kanyamibwa, akamchukia Edmond, na zaidi ya wote alijichukia mwenyewe aliyeuomba ule muhuri kwa mdomo wake. Tuyizere akapiga chafya kifuani pake. Akakubali.

Majirani walikuja kusaidia, wakidhani ni kazi ya siku nzima. Wapi! Misumari iking'olewa, mbao zilijilegeza zenyewe. Turubai likakunjwa, na kabla jua halijafika kichwani nyumba haikuwepo. Ilikuwa imejengwa kufuata sharti.

Dohani ndiyo iliyowashinda. Jean de Dieu alikuwa ameijenga kwa moyo wote, na hakuna aliyekuja na nyundo ya kutosha. Kanyamibwa alisema wataivunja kesho.

Verdiane akateremka na mtoto. Kila alipogeuka aliiona imesimama peke yake katikati ya maharagwe, bado inatoa moshi, na mumewe amechuchumaa mbele yake, anaota moto.