Mche wa Sabuni kwenye Bakuli la Mama Kija

"Mche mzima wa sabuni, Siwema. Ameulaza kwenye bakuli langu kama maiti. Ungekuwa wewe?"

"Ningefulia," alijibu Siwema, mwenye duka la kona. "Mama Kija, kijana wa watu umemnunia miezi miwili kwa sabuni?"

"Nimempa matobolwa kwa roho nyeupe, yeye anajibu kwamba mimi mchafu."

Fredrick aliyasikia yote akiwa bafuni, nyuma ya mabati, povu kichwani. Alitoka Soroti, Uganda, kuja Bariadi kufunga mashine za kuchambua pamba. Wiki ya kwanza Philomena, yaani huyo Mama Kija, jirani wa mlango wa pili, alimletea bakuli la matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Tangu alirudishe na sabuni ndani, kimya. Akisalimia, anajibiwa kwa kidevu. Jioni anatafuna chapati ya jana, redio inaongea peke yake, na ng'ambo ya ukuta watu tisa wanacheka kwenye sinia moja. Alishajua kicheko kipi ni cha nani. Barua ya kuomba ahamishiwe Maswa ilikuwa mezani, imebaki saini.

Alijimwagia maji, akavaa, akaenda na ndala zinazochuruzika hadi jikoni kwa Philomena. Akachuchumaa.

"Mwadila, mama."

Philomena hakuweza kuiacha salamu ya Kisukuma ining'inie. "Mwadila."

"Nimewasikia. Kwetu nikienda kwa mama mzazi nabeba sabuni na sukari. Nikienda mikono mitupu, dada zangu wananisema mwaka mzima. Bakuli lako niliona aibu kulirudisha tupu. Ningeuliza kwanza hapa mnafanyaje. Nisamehe."

Siwema aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika.

"Mama mzazi?" aliuliza Philomena.

"Hapa ni wewe tu uliyeniletea chakula."

Philomena aliikoroga mboga ya nsansa kuliko ilivyohitaji. "Na sukari yenyewe ilikuwa wapi?"

"Dukani kwa huyu iliisha."

Siwema akaacha kucheka.

"Sasa miezi yote hii unakula nini, wewe?"

"Chapati, mama."

"Chapati," Philomena alimwambia Siwema, kana kwamba kosa ni lake. Akaepua chungu, akawapigia kelele wanawe waliokuwa ndani wabanane. Kisha akamgeukia Fredrick.

"Inuka hapo, mwanangu. Ingia ule."