Kanisa Lililobaki Kondeni

Kanisa la Wexenby lina umri wa miaka mia tisa na limesimama kondeni peke yake. Nyumba za kijiji ziko mbali, kando ya barabara. Profesa Cheryl, anayetufundisha historia ya Zama za Kati hapa chuoni Fairfax, alitaka tueleze sababu. Ambaye angeeleza vizuri angekwenda naye Uingereza wakati wa kiangazi, kwenye uchimbuaji wenyewe wa mabaki ya kale. Nafasi ilikuwa moja, na tangu Januari nilikuwa nikiishi kana kwamba ni yangu.

"Anitha, hao marehemu wako wa Kiingereza wameshashiba," Edna, mwanafunzi mwenzangu ninayeishi naye Springfield, alizoea kunitania kutoka jikoni. "Njoo na wewe ule."

Darasani wengi walisema kwamba tauni iliwamaliza wanakijiji. Edna, ambaye hakuwa amesoma hata nusu ya niliyoyasoma mimi, akasema, "Mimi naona walihama tu. Kwetu Ludewa barabara ilipopitishwa bondeni, nyumba ziliifuata. Kanisa likabaki mlimani na padri wake."

Profesa aliweka kalamu chini. Alimtazama Edna jinsi nilivyotamani miezi yote ile anitazame mimi. Mimi pia nimekulia kwenye kijiji cha misheni. Kwa nini wazo hilo lilimwendea yeye, asiyelihangaikia?

"Ushahidi uko wapi?" Profesa aliuliza.

Edna alicheka. "Ushahidi ni bibi yangu."

Ushahidi nilikuwa nao mimi. Katika ripoti ya vigae vya vyungu vilivyookotwa mashambani, vya karibu na kanisa vinakoma karne nzima kabla ya tauni, na vya barabarani vinaanza wakati huohuo. Nilikuwa nimeyasoma hayo bila kuyaelewa. Ningenyamaza, wazo la Edna lingebaki kuwa hadithi ya nyumbani, na safari ingekuwa yangu.

Lakini nilikuwa nimetumia miezi kutaka kujua watu wale walikwenda wapi, na sasa nilijua.

"Ushahidi upo," nilisema, nikaueleza wote kwa sauti kavu, bila kumwangalia Edna.

Aliyechaguliwa ni yeye. Juzi, akipanga sanduku, aliniuliza, "Mwenzangu, nikuletee nini?"

"Picha za ukuta wa kaskazini wa kanisa. Na usizipige vibaya, maana sitakusamehe."

Alicheka sana. Alidhani natania.