Shati la Askari

Babu yake babu yangu alikuwa mhunzi. Hakuna mkulima aliyewahi kumrudishia jembe lililopinda. Mwanawe aliamua kesi za mipaka ya mashamba kwa miaka thelathini, na hata walioshindwa walimpa mkono. Baba yangu alikuwa mwalimu mkuu, na wanafunzi walimwita Timazi kwa jinsi alivyosimama wima. Siku aliyomzika mama yake alirudi shuleni alasiri akapiga kengele. Hiyo ndiyo damu yenu, wajukuu zangu. Na kwa kuwa mmoja wenu amekwisha kupata viza, yanipasa nieleze damu hiyo ilinitenda nini ugenini.

Nilikuwa mpiga pasi katika kiwanda cha kufulia nguo. Tulifua shuka za mahoteli, na mashati ya askari polisi wa jiji lile. Nilifanya kazi pamoja na shemeji yangu, mume wa dada yangu wa pekee, mtu ambaye mzaha haukumkauka mdomoni. Siku tuliyoondoka nyumbani dada alinishika kiganja. "Kaka, nakukabidhi mume wangu. Nirudishie mzima." Nikaapa.

Mwaka wa pili ulitangazwa mgomo wa nchi nzima. Mama mmoja mkunja shuka wa pale kiwandani, mwenyeji wa jiji lile, alituonya siku moja kabla: "Kesho msitoke. Barabarani ngumi haiulizi pasipoti."

Asubuhi shemeji hakuondoka kitandani.

"Shemeji, leo hata mbwa wamegoma kubweka. Tulale."

"Kwetu hatukosi kazini."

"Kwenu! Mimi nilimwoa dada yako, sikuoa ukoo mzima."

Nilimvua blanketi. Akacheka, akatafuta viatu.

Njia kuu ilikuwa imefurika watu na mabango. Kulikuwa na uchochoro, lakini niliona haya kunyatia kazini kama mwizi. Askari wakafungulia mpira wa maji. Ukamzoa shemeji na kumbamiza ukutani. Tuliingia kiwandani kwa ufunguo wangu, meno yake yakigongana. Nilipogeuka baada ya kuwasha boila na kuweka pasi motoni, alikuwa amekwisha kutungua shati kavu la askari na kulivaa.

"Vua hilo!"

"Langu likikauka nitavua. Kwa sasa mimi afande. Nipigie saluti, raia!"

Jiwe likavunja dirisha. Kwa kutaharuki nililisahau shati, nikamwamuru akateremshe mlango wa bati. Alikwenda mbio. Akatoa kichwa na mabega nje ili aufikie mnyororo.

"Askari! Kumbe wamejificha humu!" wagomaji walipiga kelele.

Walimvuta kwa nywele na kwa ukosi. Nilimshika miguu, viatu vikabaki mikononi mwangu. Nondo ya kwanza ilitua begani, ya pili mdomoni, na nikaona meno yake yakiruka juu ya lami. Nikarudi kuchukua pasi iliyokuwa motoni, nikamkandamiza nayo mkononi mtu mmoja mpaka ngozi ikanata kwenye chuma. Aliachia nondo. Mwingine akaiokota, akampiga shemeji kisogoni.

"Ni mfua nguo huyo! Ni mwenzetu!" Alikuwa mama mkunja shuka, akijipenyeza katikati ya umati huku akiwapiga watu kwa viwiko. "Mnaua mfua nguo!"

Waliduwaa. Kisha wakatawanyika mmoja mmoja, bila kutazamana.

Magari ya wagonjwa nayo yalikuwa katika mgomo. Tulimlaza shemeji ndani ya toroli la shuka, mimi nikasukuma, mama akishikilia taulo kisogoni. Taulo lililowa, akachukua jingine.

"Shemeji," alisema kwa shida, "dada yako... atanicheka... kibogoyo."

"Nyamaza. Tunafika."

Kwenye kona ya hospitali askari saba walituona. Walichokiona ni shati lao limejaa damu, na mgeni akilikimbiza kwenye toroli. Sikuwahi kutamka neno. Rungu lilinivunja mfupa wa bega, buti likanivunja mbavu mbili, na goti la mtu likanibana shingo barabarani. Mama alipiga kelele, wakamsukuma pembeni. Mmoja wao alipekua mfuko wa shati akitafuta namba ya mwenzake. Alipekua kwa muda mrefu. Alipogundua kwamba hapakuwa na mwenzake yeyote pale, shemeji alikuwa amekwisha kukata roho, hatua arobaini kutoka mlango wa majeruhi.

Nilimpigia dada simu kwa mkono mmoja. Hakulia kwanza. Aliuliza, "Nani alimtoa kitandani?"

Nikajibu, "Ni mimi."

Ameishi miaka ishirini na sita baada ya siku hiyo, na hajaniita kaka tena.

Sasa nisikilizeni. Ukisikia mgomo ugenini, weka ndani maji na chakula kabla ya siku yake, kisha funga mlango. Usiende kutazama, usipige picha, usivae nguo ya upande wowote. Mwenyeji akikuonya, mwamini. Wewe unayesafiri, siku hiyo utalala, na atakayekuita mvivu mwache akuite. Nataka ulitamke hilo kwa kinywa chako, mbele yangu, kabla hujafunga sanduku.