Jiwe Lisilopepesa

Machage alifika kwa shemeji yake Ijumaa kabla ya saa sita, suruali imejaa udongo, jiwe amelilaza ndani ya kofia kama mtu aliyebeba mayai. Nyuma yake alikuja mkewe, Kezia, beleshi begani.

"Shikamoo, shemeji. Funga mlango kwanza."

"Marahaba. Niufunge wa nini, mwizi ametoka wapi mchana huu?" alisema Wegesa, akaendelea kumenya ndizi.

Siku tatu hizo Machage alikuwa akimchimbia shimo la choo nyuma ya migomba, hapo Nyamwaga. Migomba yenyewe Wegesa aliipanda na marehemu mumewe, kaka yake Machage, mwaka waliooana. Tangu abaki mjane ndiyo iliyomlisha, na mikungu iliyozidi ilipanda hiace kwenda Tarime mjini. Lakini ardhi ilikuwa ya ukoo, na msemaji wa ukoo sasa alikuwa Machage.

Akafunua kofia. Jiwe likawaka.

"Ona! Futi nane tu chini. Shemeji, wewe umeponda mawe miaka kumi na miwili kule machimboni. Sema neno. Ukisema ndiyo, Jumatatu naenda kuomba kibali, na migomba hii inalala chini."

"Yote?"

"Mwamba unapita chini yake, mama. Au nikuachie mmoja wa kupigia picha?"

Kezia akacheka, kisha akauona uso wa Wegesa, akashusha beleshi.

Wegesa alijifuta utomvu mikononi, akalipokea. Alikwisha kulijua kabla hajaligusa, ila hakuwa mtu wa kukurupuka. Kule machimboni aliwaona wanaume wakiuza madume ya ng'ombe kwa ajili ya mng'ao. Mama mmoja aliyemfundisha kazi alizoea kumwambia: usiulize jiwe linang'aa kiasi gani, uliza linang'aaje.

Akalitoa juani, akaligeuza polepole. Upande mmoja uliwaka, ukazima. Wa pili ukawaka, nao ukazima, mithili ya macho yanayopepesa. Akalifunika kwa kivuli cha kanga yake, likawa la kijivu kama risasi. Akapitisha kidole. Pande zake zilikuwa laini, zenye mistari myembamba, na pembe kali kana kwamba fundi kazikata. Akajaribu kulichoma kwa sindano, sindano ikateleza. Mwisho akaligonga kwa nyundo. Likapasuka vipande vipande, na unga wake ukawa mweusi.

"Nusa."

Machage akainama. "Kiberiti."

"Ndiyo. Dhahabu haivunjiki hivi, shemeji, inabonyea. Hili halina kitu."

"Na jana umeshamtuma Werema wa bodaboda akuulizie bei ya karasha!" alisema Kezia. "Mashine ya kusagia kiberiti!"

"Kelele, mwanamke," alisema Machage, lakini mwenyewe alicheka, japo kicheko hakikufika mbali.

Wakarudi shimoni. Wegesa aliwafuata, kifua kimekuwa chepesi, akihesabu mikungu iliyokaribia kukomaa. Kando ya shimo palikuwa na rundo la mawe ambayo Machage aliyatupa bila kuyatazama. Moja lilimfanya asimame. Lilikuwa la rangi ya sukari guru, limejaa vitundu vyenye kutu, na pale lilipovunjika lilikuwa na mng'ao wa mafuta yaliyoganda. Ndani ya kitundu kimoja palikuwa na punje, ndogo kuliko ya ulezi. Akaligeuza. Punje haikupepesa. Akalitia kivulini mwa kanga. Ilibaki na umanjano wake uleule.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza juu ya jiwe hilo.

"Hata hili la kutu linaweza kuwa na kitu," alisema, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto aliyeanguka.

"Shemeji, usinipoze," alisema Machage. "Hilo limeoza kama jembe la babu. Litafaa msingi wa choo." Akalichukua, akalirusha kwenye mawe ya kujengea.

Wegesa akarudi kwenye ndizi zake. Alikuwa amesema kweli. Alimenya moja, akamenya ya pili. Jua likizama Sabato ingeingia, naye angepiga magoti kama kila Ijumaa. Kila alipoifikiria sala hiyo aliisikia ile sauti yake, namna alivyoilainisha. Miaka mingi alikaa kwenye mabaraza ya kanisa akiwasikiliza watu wanaosema kweli kwa namna ambayo haitasikika. Siku zote aliwajua. Akaweka kisu chini.

Alitoka na kinu cha chuma na karai.

"Shemeji, weka beleshi. Sikuwa nakupoza."

Akaliokota lile jiwe, akaliponda mpaka likawa unga. Kezia akaleta maji. Wegesa akazungusha karai, akimwaga tope kidogo kidogo kama alivyofanya maelfu ya siku. Mchanga mweusi ukarudi nyuma, na mbele yake ukabaki mstari wa manjano, mfupi kama kucha ya mtoto mchanga.

Machage alilichukua karai kwa mikono miwili, akalipeleka kivulini yeye mwenyewe, akatazama sana.

"Kwa nini umeniambia?" aliuliza. "Mimi nilishalitupa."

"Kwa sababu nilikuwa najua."

Machage akatazama migomba, safu kwa safu, kisha akatazama chini.

"Basi Jumatatu nitaenda ofisini."

"Nenda. Ila hakuna mtu wa kuingia hapa na panga kabla sijahamisha machipukizi."

"Utayahamishia wapi?"

"Kwenye shamba lako la bondeni. Utanipa."

Machage akamgeukia mkewe.

"Usinitazame mimi," alisema Kezia. "Mpe."

"Sehemu ya juu au ya mtoni?"

"Ya mtoni," alisema Wegesa.

Machage akashusha pumzi. Ya mtoni ndiyo ilikuwa nzuri. "Haya. Ya mtoni."

Kezia alikuwa tayari amechukua beleshi. Wegesa akamwonyesha pa kukata, mbali na mama mgomba, ili chipukizi litoke na mizizi yake. Kabla Sabato haijaingia walikuwa wameng'oa tisa, wakayapanga ukutani na udongo wao.