Pikipiki ya Shangazi

Shangazi alikuwa mkunga, na miaka yote ya kazi aliwafikia wajawazito kwa pikipiki yake. Alipostaafu ikabaki stoo chini ya magunia, hata tairi zikapasuka. Mwaka huu akaitoa. Fundi alimshauri aiuze kama chuma chakavu. Shangazi akacheka, akakunja mikono ya gauni, akaifungua kabureta mwenyewe na kuisugua kwa mswaki. Tukanunua tairi, plagi na petroli. Alipiga kiki mpaka jasho likamtoka; mara injini ikakohoa, kisha ikanguruma.

"Shangazi, shuka, utavunjika!" niliita.

"Nikivunjika mtaniunga," akajibu, akaingia barabarani.

Nilibaki mlangoni nikipiga makofi kama mtoto, huku yeye akikata kona bila hata kuyumba.